Mlango wa Chumba cha Watoto

Winifred alikuwa amefundisha shule ya Jumapili kwa miaka tisa huko Karagwe kabla ya kuiona Kigali. Wazazi wake walivuka mpaka wakiwa wakimbizi, yeye akazaliwa upande wa Tanzania, akasoma huko, akaolewa huko na Mnyarwanda mwenzake aliyeitwa Ntare. Mwezi wa tisa mwaka 1994, miezi miwili baada ya vita kwisha mjini, Ntare alipata kazi ya kuendesha lori la misaada, wakahamia Kagarama, mtaa wa Kigali, kwenye vyumba viwili visivyo na vioo madirishani. Katika mizigo yao kulikuwa na boksi moja ambalo Winifred alilipakata njia nzima. Ndani yake zilikuwa picha zake za kufundishia, Nuhu na Yona na Zakayo, zilizokatwa kwenye karatasi ngumu na kushonewa kitambaa kwa nyuma ili zishike ubaoni.

Kanisa walilolipata lilikuwa jipya. Mchungaji Muhire, mtu wa miaka arobaini na ushee aliyekulia Uganda, alilianzisha mwezi wa nane sebuleni kwa rafiki yake mtaani Kimihurura, watu kumi na wanne wakiwa wamebanana mpaka kwenye korido. Kufikia mwezi wa kumi walikuwa zaidi ya mia tatu, ndani ya ghala la mbao lililoachwa tupu kando ya barabara ya Kagarama. Kila Jumapili walikuja wapya, waliotoka Kampala, waliotoka Bujumbura, waliotoka Bukoba, wengi wao wanandoa vijana wenye watoto wawili watatu, wakitafuta mahali pa kusali na watu wa kufahamiana nao. Watoto walikimbizana katikati ya viti mahubiri yakiendelea. Walilia, walikojoa, walidondosha vikombe.

Jumamosi moja Mchungaji alimwita Winifred akamweleza mpango aliouona ukifanya kazi Kampala. Familia changa, alisema, hazikai kwenye kanisa ambalo mama anatumia saa mbili nzima kumnyamazisha mtoto. Watoto wapewe chumba chao na mwalimu wao. Wazazi wawakabidhi mlangoni kabla ya ibada, majina yaandikwe kwenye daftari, kila mtoto abandikwe namba kifuani, achukuliwe baada ya ibada. Mama akisikiliza neno kwa utulivu wiki nne mfululizo, wiki ya tano atakuja na jirani yake. Nyuma ya ghala, ng'ambo ya uwanja mdogo, kulikuwa na stoo ya tofali yenye dirisha moja dogo juu na mlango wa chuma. Akampa hiyo.

Winifred alifurahi kama mtu aliyepewa nyumba. Kwa siku mbili alifagia unga wa mbao. Ntare alipata rangi ya njano mahali fulani, hakusema wapi, wakapaka kuta. Mabenchi mafupi yalitengenezwa kwa mabaki ya mbao. Daphrose, mkuu wa wapokeaji wageni, mwanamke wa Bujumbura aliyependa mambo yaende kwa saa, alikaa jioni nzima akikata vikaratasi vya namba.

Jumapili ya kwanza, watoto wa Kampala na Bukoba waliachia mikono ya mama zao hata kabla ya kuambiwa. Lakini karibu nusu ya familia hazikuwa zimetoka popote. Zilikuwa zimekuwepo hapa siku zote, kwenye vilima vya jirani, na zilikuja kwa sababu ghala lilikuwa karibu na kwa sababu makanisa zilikokuwa zikisali zamani hazikutaka kuyarudia. Wanawake wa familia hizo walifika mlangoni wakasimama.

Wa kwanza alikuwa Mukandayisenga. Alikuwa mwembamba, umri wake ungeweza kuwa thelathini au arobaini, amevaa koti la kiume juu ya gauni. Mkononi alimshika msichana wa miaka mitano aliyeitwa Gaju. Alijua Kiswahili cha mjini, kwa sababu zamani alikuwa akiuza nguo mtaani Biryogo.

Winifred alimkaribisha, akamwambia amwachie mtoto aende ibadani.

"Mtoto iko na mimi," alisema Mukandayisenga.

Winifred alimweleza polepole habari za daftari na namba. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaketi kizingitini, mgongo kwenye fremu, miguu ameinyoosha kiasi kwamba mlango usingeweza kufungwa, akamsukuma Gaju ndani taratibu. Gaju alikaa kwenye benchi la karibu zaidi, unyayo wake ukigusa goti la mama yake. Hapo alibaki saa mbili.

Jumapili iliyofuata waliketi wanne. Ya tatu walikuwa kumi na mmoja, kizingitini na nje, wengine na vichanga migongoni, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Watoto walipoimba, sauti ilivuka uwanja ikaingia ghalani, na mara mbili Mchungaji alikatiza mahubiri akasubiri wimbo uishe. Daphrose alikuja na kidole mdomoni. Alikuja tena. Mara ya tatu hakuweka kidole mdomoni, alimtazama Winifred tu.

Winifred alikuwa anaandaa somo wiki nzima, usiku kwa kibatari, na Jumapili hakuna aliyemtazama. Watoto wa pale mjini waliwatazama wanawake mlangoni. Akimweka Yona ubaoni, vichwa vinageuka kuhakikisha kwamba mama bado yupo. Akiwapanga duara, duara linapasuka upande wa mlango. Alianza kuona kwamba wanawake wale wanamdharau. Alimwambia Ntare kwamba amefundisha chini ya turubai la wakimbizi, amefundisha kwenye mvua, lakini hajawahi kufundisha kwenye korido. Ntare alisema labda wamezoea hivyo. Jibu hilo lilimuudhi zaidi.

Jumatatu, kwenye kikao cha viongozi, Mchungaji Muhire aliuliza kwa nini viti vya nyuma vya akina mama vimekuwa vitupu. Halafu akajijibu mwenyewe. "Nimekupa watoto, dada Winifred, ukanichukulia na mama zao."

Watu walicheka kidogo. Winifred hakucheka. Mchungaji aliongeza, safari hii bila utani, kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja watakuja wageni kutoka kanisa lao mama la Kampala kuona idara ya watoto, na kwamba angependa waone idara, si kundi la watu wamekaa chini mlangoni.

Alhamisi Winifred alikwenda kwa Mukandayisenga. Njiani alipanga maneno. Angesema kwamba malezi ya kiroho yanahitaji utaratibu, kwamba mtoto asiyeachiliwa hajifunzi, kwamba mwalimu naye anahitaji kuaminiwa.

Nyumba ilikuwa chini ya barabara. Milango yake iliibwa wakati wa vita. Mahali pa mlango palining'inia shuka. Mukandayisenga alikuwa akifua uani, na Gaju alisimama karibu naye kiasi cha kulowa kila nguo ilipokamuliwa. Walisalimiana. Winifred alipewa kigoda. Alisema maneno yake yote kama alivyoyapanga, na yalipokwisha Mukandayisenga alimuuliza swali.

"Mwalimu, weye iko na mtoto?"

"Ninaye mmoja. Wa kiume, ana miaka sita."

"Iko wapi?"

"Yuko Karagwe, kwa mama yangu. Tulisema tutamleta mambo yakitulia."

Mukandayisenga alikamua gauni dogo, akalikung'uta. "Bado haijatulia?"

Ni kweli kwamba kila Ntare alipotaja kumfuata mtoto, Winifred ndiye aliyesema ngoja kwanza, tungoje shule zikae sawa, tungoje mwezi ujao. Alikuwa amekuja kumwomba mwanamke huyu amwachie mtoto mikononi, na wa kwake alikuwa amemwacha ng'ambo ya mpaka, kwa mtu pekee aliyemwamini.

"Gaju ni wa dada yangu," Mukandayisenga aliendelea, macho kwenye beseni. "Wangu walikuwa wawili. Wale watu walituambia watoto waingie kwanza, wakubwa wangojee nje, ndani ni salama. Walikuwa watu tunajua. Mmoja alikuwa anafundisha watoto nyimbo." Alitafuta kibanio cha nguo. "Walifunga mlango. Basi."

Baadaye kidogo alisema tena, bila ukali wowote, "Mwalimu, mimi sikujui. Labda weye iko mzuri. Lakini sikujui."

Winifred alirudi nyumbani kwa miguu akiwa amekasirika, na kwa muda mrefu hakujua amemkasirikia nani. Si kwamba hakujua yaliyotokea. Kila mtu alijua. Asubuhi alipita mbele ya nyumba zisizo na watu, jioni alisikia majina yakitajwa. Alijua habari za milango iliyofungwa. Ila hakuwahi kuileta ile habari mpaka kwenye stoo yake ya njano, akauangalia ule mlango wa chuma kwa macho ya mtu aliyekuwa nje.

Ijumaa alikwenda kwa Mchungaji akaomba darasa lihamie uwanjani, mbele ya macho ya wazazi. Mchungaji alisema huu ni msimu wa mvua, na kelele zitazidi. Winifred alimweleza ya Mukandayisenga. Mchungaji alivua miwani akaifuta. Yeye naye alirudi kutoka Uganda kumtafuta kaka yake, akakuta nyumba na mti wa parachichi, basi. Hakuwa mtu asiyeelewa.

"Dada yangu," alisema mwishowe, "hapa mjini hakuna chumba kisicho na habari. Kama kila mlango utatushinda, tutasali wapi? Watoto lazima wazoee tena. Tusipowazoesha sisi, ni nani?"

"Wazoee mlango ukiwa wazi kwanza."

Mchungaji alisema watu wa Kampala wanakuja, kwamba ni Jumapili moja tu, kwamba akina mama wakikaa ghalani kwa utulivu siku hiyo basi mengine yatazungumzwa. Winifred alisema atawaomba, lakini kwa sharti kwamba mlango ubaki wazi. "Tutaona," alisema Mchungaji, na Winifred, ambaye alitaka sana kusikia ndiyo, aliichukua kuwa ndiyo.

Ilimchukua wiki mbili. Alirudi kwa Mukandayisenga mara nne. Alimwonyesha kiti cha mwisho ghalani, karibu na mlango wa pembeni, ambapo mtu akikaa anaona moja kwa moja mpaka ndani ya stoo. Alimwambia ataweka tofali ili mlango usijifunge. Alisema, "Nakuahidi." Jumapili ya wageni Mukandayisenga alimleta Gaju, akalitazama tofali, akaligusa kwa mguu kuona kama ni zito, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Wengine saba waliofika siku ile walipomwona nao wakaenda. Winifred alisimama mbele ya watoto arobaini na sita akafungua boksi lake la picha kwa furaha.

Kwa nusu saa mambo yalikwenda vizuri kuliko Jumapili yoyote. Gaju alimbandika Zakayo juu ya mti. Kisha mvua ikaja, ile ya Kigali inayoanguka yote kwa mara moja, na upepo ukaanza kuusukuma mlango dhidi ya tofali, unagonga, unarudi, unagonga. Winifred aliwaanzishia wimbo ili wasiusikie. Mle ghalani Mchungaji alikuwa amewasimamisha watu kwa maombi. Daphrose alivuka uwanja na mwavuli, akaona maji yanaingia na mlango unapiga kelele, akalisukuma tofali kwa mguu, akaufunga mlango na kutia komeo la nje ili upepo usiufungue. Alirudi mahali pake.

Watoto wa Kampala na Bukoba waliendelea kuimba mistari miwili zaidi. Wenzao wa pale mjini walikuwa wamenyamaza kabla komeo halijamaliza kuingia. Hakuna aliyelia. Waliteremka kwenye mabenchi mmoja mmoja, bila kusukumana, wakalala chini kifudifudi, wakubwa wakawavuta wadogo chini ya mabenchi na kuwafunika vinywa kwa viganja. Gaju alikuwa ukutani, amejikunja akawa mdogo kuliko umri wake. Waliokuwa wakiimba waliona, wakaacha. Kikabaki kishindo cha mvua juu ya bati.

Winifred alikimbilia mlango akausukuma. Akaugonga kwa ngumi, na kwa kila pigo aliona miili midogo pale chini ikishtuka, akaacha kugonga. Alipiga magoti. Alisema kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwamba ni upepo tu, ni mvua tu. Hakuna aliyeinua kichwa. Aliijua sauti yake mwenyewe ilivyokuwa, sauti ya mtu mzima ndani ya chumba kilichofungwa akiwaambia watoto wasiogope, na akanyamaza.

Ghalani, Mukandayisenga hakuona mlango ukifungwa kwa sababu watu walikuwa wamesimama mbele yake. Alichogundua ni kwamba wimbo umekatika. Alipasua kati ya watu, akavuka uwanja bila viatu, akavuta komeo. Aliingia hakumtazama mtu, akamwinua Gaju akamfunga kwa lile koti, akatoka naye kwenye mvua. Wale saba walikuwa nyuma yake. Kila mmoja alichukua wake.

Baada ya ibada mmoja wa wageni, mzee mpole mwenye tai, alikuja kumpa Winifred mkono. Alisema amezunguka makanisa mengi lakini hajawahi kuona watoto watulivu namna hii. Kuna wakati, alisema, alisahau kabisa kwamba wapo. Mchungaji Muhire alikuwa pembeni yake anatabasamu. Winifred aliuachia mkono wa mgeni akaenda kumtafuta Daphrose.

"Nilifunga kwa sababu ya mvua," alisema Daphrose. Bado alikuwa ameshika mwavuli unaochuruzika. "Ulitaka walowe?"

Winifred alitaka kupiga kelele. Alitaka Daphrose awe mtu mbaya, na hakuwa. Alikuwa mwanamke aliyefunga mlango kwa sababu ya mvua.

Jumatatu asubuhi Winifred alimchukua fundi Nsabimana, jirani yake, wakaenda kanisani. Hakumwambia Ntare wala mtu mwingine. Mlango ulikuwa wa bawaba za kutumbukiza. Fundi aliingiza mtaimbo chini, wakauinua wote wawili, ukatoka. Walikuwa wakiuburuta kwenda nyuma ya uzio Mchungaji alipoingia getini. Aliangalia mlango, akaangalia tundu la stoo.

"Ungeniuliza," alisema.

"Nilikuuliza."

Mchungaji alikuwa ameambiwa, bila shaka, kwa nini wanawake wanane walitoka katikati ya maombi. "Na mvua?"

"Tutalowa, Mchungaji."

Hakuurudisha. Hilo Winifred alimshukuru, ingawa hakumwambia. Wiki iliyofuata Ntare alirefusha paa la bati mbele ya stoo pakawa na kibaraza, na akina mama waliotaka kukaa walikaa hapo, na Mchungaji alijifunza kuhubiri huku watoto wakiimba. Kufikia Krismasi darasa lilikuwa na watoto themanini na tatu, na familia mpya zilikuja kwa sababu zilisikia kuna kanisa Kagarama ambako unaweza kumwona mwanao muda wote. Kwenye mkutano wa wachungaji wa mji, Winifred alimsikia Muhire akieleza jinsi kanisa lake lilivyoamua kuwa na chumba cha watoto kisicho na mlango, kwa kuzingatia hali ya nchi. Alieleza vizuri. Alitumia neno maono. Winifred alikuwa ameketi safu ya tatu, mikono mapajani, akihesabu moyoni mpaka ishirini ili asisimame.

Kati ya wanawake wanane, watano walirudi. Mukandayisenga hakurudi.

Winifred alikwenda kwake kila Alhamisi. Mara ya kwanza aliomba radhi. Mukandayisenga alisema alimwona yeye pia akiwa amefungiwa ndani, na hapo hapo akaanza kuzungumzia bei ya sabuni. Hawakuligusa tena. Winifred alimwambia habari za kibaraza, za wale watano, za Gaju kuulizwa na wenzake. Mukandayisenga alisema ni vizuri. Alisema hivyo kila Alhamisi. Gaju alikaa nyuma ya shuka akichungulia, na hakuwahi kutoka akiwa mgeni yupo.

Alhamisi ya mwisho ya mwaka, Winifred alimwambia kwamba Ntare ameondoka na lori kwenda mpakani, na kwamba akirudi atarudi na mtoto wao.

"Ni vizuri," alisema Mukandayisenga. Safari hii alimtazama. "Utamfunga kamba?"

"Nadhani."

Walicheka, kidogo tu. Maharagwe yalikuwa jikoni uani, yanachemka. Mukandayisenga aliinua dumu akalitikisa, lilikuwa tupu. Bomba lilikuwa chini ya kilima, mwendo wa robo saa kwenda na kurudi. Winifred aliufikiria mlima ule wa kurudi na dumu lililojaa na mtoto mkononi, akasema, kabla hajajizuia, "Mwache Gaju hapa na mimi. Nitakaa naye uani, hatutaingia ndani."

Mukandayisenga alisimama na dumu. Alionekana kulifikiria kweli. Aliita, Gaju akatoka nyuma ya shuka, akamshika mkono.

"Niangalizie maharagwe, Mwalimu," alisema. "Yasiungue."

Wakateremka wote wawili. Winifred aliwafuata kwa macho mpaka njia ilipopinda. Kisha akavuta kigoda karibu na moto, akafunua chungu. Maji yalikuwa yamepungua. Aliyaongeza kutoka kwenye birika, kidogo kidogo, akakoroga, akakaa kuyaangalia.